Fono Mbili za Papa Anselmi

Mtu akikuletea pleya ya santuri na kukuambia inavuma, usikimbilie bisibisi. Mwulize kwanza ameiweka wapi, kuna nini chini yake, na kama nyuma kuna waya mwembamba unaoning'inia ambao hajui kazi yake. Mivumo mingi niliyoiondoa hapa Kampala niliiondoa bila kufungua kitu.

Nawaandikia nyinyi mlioko Wandegeya, mnaotengeneza simu kwenye vibanda karibu na hosteli za wanafunzi. Mmoja wenu alinipigia akasema siku hizi mnaletewa pleya za santuri, tena na watu wasiokuwa wamezaliwa santuri zilipoacha kuuzwa madukani. Akaniuliza: fono nzuri huchaguliwaje? Swali ni zuri. Nitalijibu kwa njia yangu, ambayo ni ndefu, kwa kuwa nimestaafu na sina pa kuwahi.

Jina langu ni Wakesho. Nilizaliwa Voi, Kenya, nikaja Kampala kijana kuajiriwa na duka la redio. Duka lilifungwa, mimi nikabaki. Kwa miaka mingi nilikuwa na karakana yangu hapo hapo mlipo, chumba kimoja nyuma ya wachapishaji, ambao mashine zao zilichafua umeme kiasi kwamba nilisubiri waende kula ndipo nipime amplifaya ya mtu. Sasa niko Makindye. Mikono haitulii tena kushika chuma cha kulehemia, lakini masikio yangu bado ni mazima.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, fono ni kisanduku kinachokaa kati ya pleya na amplifaya. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutoa umeme mdogo mno, mdogo kuliko unaotoka kwenye simu yako, hata amplifaya ya kawaida haiusikii. Tena santuri ilipokatwa kiwandani besi ilipunguzwa makusudi ili mifereji isigongane, na sauti kali za juu zikaongezwa. Basi fono ina kazi mbili: kuukuza umeme ule mdogo, na kuzirudisha besi na sauti za juu mahali pake. Ikikosea hapo, hakuna amplifaya wala spika itakayosahihisha mbele. Kosa litakuzwa pamoja na wimbo.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Lubega, Mganda wa Kawempe, mtu mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa wanajeshi, na r na l zake zilikuwa zimebadilishana nyumba. "Wakeso," alikuwa akiniambia, "wewe unasikiriza masini. Sikiriza lekodi." Kabla ya kuisifu fono yoyote aliiunganisha, akapandisha sauti bila kuweka santuri, kisha akavuta kigoda akakaa na sikio karibu na spika kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akisikia mvumo au mchuruziko, aliinuka bila kusema neno na kuanza kukagua waya. Hakuweka santuri mpaka kimya kimempendeza.

Tuliwahi kuitwa na afisa mmoja mstaafu wa jeshi, hapa hapa Makindye. Pleya yake ilikuwa inavuma tangu alipohamia nyumba mpya, na alikuwa tayari kununua fono nyingine ya bei kubwa. Mzee Lubega alipapasa nyuma ya pleya, akashika kipande kifupi cha waya wa ardhi kilichokatwa.

"Hii ilikatwa na nani?"

"Mimi," akasema afisa. "Ilikuwa inakaa bure. Haina hata kichwa kama zile zingine."

Mzee Lubega akaunga waya, mvumo ukakoma, tukaaga kwa heshima zote. Alingoja tufike barabarani ndipo akasema, "Ile nyumba, mwenye alikuwa anafanya kazi ni ile waya peke yake."

Kwa hiyo la kwanza, kabla hamjamshauri mtu anunue, hakikisheni ile aliyonayo imeshindwa kweli. La pili, jueni katriji ya mteja, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, maana fono na katriji ni kama kiatu na mguu. Kuna katriji zinazotoa umeme wa kutosha, na kuna zile za koili ndogo zinazotoa kama pumzi tu. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi niliwahi kumchagulia mteja fono kwa kuitazama picha. Uso ulikuwa wa shaba, umeng'arishwa vizuri. Ilipofika tukakuta inakuza umeme zaidi kuliko katriji yake ilivyohitaji, na waimbaji wote wakaimba kama waliokasirishwa. Mteja aliipenda hivyo hivyo. Alisema sasa majirani wanajua ana muziki.

La tatu nilijifunza kwa Papa Anselmi, na ndilo lililonifanya niandike.

Papa Anselmi ni Mkongomani wa Bukavu. Aliuza vitenge Kampala tangu alipofika akikimbia vita, mpaka biashara ikawa kubwa, naye akamwachia binti yake, Furaha. Baada ya hapo alijenga chumba cha muziki nyumbani kwake, kwenye mteremko wa Makindye: zulia, mapazia mazito, rafu za santuri ukuta mzima. Pleya nzuri aliagiza, spika nzuri alikuwa nazo. Ilibaki fono. Alikuwa bado anatumia ya zamani, iliyovuma kama mzinga wa nyuki. Akaniita.

"Mama Wakesho," akasema, "mimi nimeuza vitenge maisha yangu yote. Hakuna mtu wa kuniuzia kitenge kibaya. Lakini hii mambo ya fono sijui. Watanipa kopo, mimi nitasema asante."

Nikamwuliza anataka kusikiliza nini. Hilo huwa nauliza kabla ya kutaja aina yoyote, na wateja wengi hujibu "kila kitu," jibu lisilosaidia. Papa Anselmi hakusema kila kitu. Alifungua kabati, akatoa santuri moja ndogo iliyokunjwa ndani ya kipande cha kitenge.

"Hii. Zile zingine ni wageni."

Ilikuwa santuri ya bendi moja ya Bukavu ambayo haipo tena. Wasichana watatu waliitikia nyuma ya wapiga gitaa, na mmoja wao aliitwa Esperansi, ambaye baadaye akawa mke wa Papa Anselmi na mama yake Furaha. Alifariki Furaha akiwa mdogo, bado anabebwa mgongoni.

"Mwisho hapa," Papa Anselmi akasema akionyesha mifereji karibu na karatasi ya katikati, "magitaa yananyamaza, mwanamke mmoja anaimba peke yake. Njo yeye." Kwao "njo" ni "ndiye".

Furaha alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Akasema, bila kuinua macho, kwamba siku ya harusi yake kipande hicho ndicho kilichopigwa alipoingia ukumbini. Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti ya mama yake.

Muuzaji mmoja wa Nairobi ambaye tumefanya kazi naye siku nyingi alinikopesha fono mbili za hali ya juu, ili mteja asikilize kwa masikio yake kabla ya kuamua. Wazoeeni watu wa namna hiyo, maana fono haichaguliwi kwa kusoma maelezo. Moja ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo, nzuri kutazama na yenye sauti nene. Nyingine ilikuwa ya transista, kisanduku cheusi kisicho na umbo, lakini nyuma kilikuwa na swichi za kuilinganisha na katriji, na mbele kitufe cha mono. Kitufe hicho msikidharau. Santuri za zamani za mono zina sauti moja kwenye kuta zote mbili za mfereji, lakini mikwaruzo na uchafu mwingi haviko sawa pande zote. Ukibonyeza mono, kilicho sawa hubaki na mengi yasiyo sawa hufutana.

Niliichukua santuri nikaenda nayo nyumbani kuiosha. Maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, unafuata mfereji na huukatizi kamwe, kisha unaiacha ikauke imesimama. Maji yalitoka rangi ya chai. Nadhani ilikuwa haijaoshwa tangu Bukavu.

Ilipokauka niliiweka kwenye pleya yangu nikajaribu fono ya valvu, halafu ya transista. Kwenye transista nikabonyeza mono. Mikwaruzo ikashuka kama mvua inapopita bati na kwenda mtaa mwingine. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, magitaa yakanyamaza, na katika ule upenyo kabla ya mwanamke kuimba nikasikia sauti ya mwanamume, mbali na maikrofoni, akinong'ona: "Beatrisi, bado." Kisha mwanamke akaingia.

Niliirudia. Ilikuwa wazi. Beatrisi simjui, lakini nilijua kwamba marehemu hakuitwa hivyo. Nikajiambia huenda lilikuwa jina lake la ubatizo, au la utani, au kiongozi wa bendi alikuwa anamzuia mtu mwingine. Fundi huingia katika nyumba za watu na kusikia mengi. Niliirudisha santuri kwenye kitenge chake nikaenda kupika.

Siku ya kufunga mitambo Papa Anselmi alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Furaha ndiye aliyenipokea. Tulianza na ya valvu. Aliipenda mara moja, kwanza kwa zile taa, kisha kwa sauti. Kipande cha mwisho kilijaa chumba kizima, kwa ukubwa, bila makali yoyote.

"Anti, hii," akasema. "Hakuna haja ya kuendelea."

"Tusikilize na nyingine. Nimeleta mbili ili zilinganishwe."

Nikaweka ya transista na mono. Furaha alikuwa anasikiliza huku akijibu ujumbe wa dukani. Magitaa yalipokoma, kidole chake kikasimama juu ya simu. Mwanamke akaimba mpaka mwisho, sindano ikafika katikati, mkono wa pleya ukajiinua.

"Anti, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilisikia nyumbani nilipoijaribu. Sijui maana yake."

"Mimi najua." Akakaa. "Mama Beatrisi anauza samaki wakavu Kawempe. Huja hapa kila Krismasi. Aliimba na mama. Ndiye aliyemwosha mama alipofariki."

Mfanyakazi wa ndani alileta chai, akaona nyuso zetu, akaiweka akaondoka.

"Toa hii," Furaha akasema. "Tunachukua ile yenye taa. Ile si ni nzuri pia?"

"Ni nzuri."

"Basi."

"Naweza kuitoa. Lakini baba yako akiniuliza ipi ni bora, nitamwambia."

"Huwezi kunyamaza?"

"Naweza kunyamaza asipouliza."

Hakunikasirikia. Alisema tu kwamba mtu wa umri wa baba yake ana santuri moja, na kwamba yeye mwenyewe ana sauti moja ya mama yake, na hakuona faida ya kunyang'anywa wote wawili kwa sababu ya kisanduku. Nikaanza kukunja waya.

Papa Anselmi akaingia kabla sijamaliza, koti la kanisani bado mwilini.

"Mbona unakunja? Imeharibika?"

"Baba, tumekwisha chagua," Furaha akasema. "Tunachukua ile."

"Mmechagua, nyinyi na nani?" Akavua koti, akaketi. "Mama Wakesho, ipi ni bora?"

"Hii ninayoikunja."

"Na kwa nini unaikunja?"

Nilimtazama Furaha, naye akatazama pazia.

"Inasikia vitu ambavyo ile haisikii," nikasema.

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kazi yake."

"Basi tia, nisikie."

Nikaunganisha tena. Aliweka sindano mwenyewe, kwa mkono mzuri, mkono wa mtu aliyeshughulika na vitu laini. Alisikiliza macho yamefumbwa. Ule mnong'ono ulipopita aliyafumbua, lakini akaacha wimbo uishe. Akarudisha sindano nyuma kidogo. Akasikiliza. Akairudisha tena.

"Huyu amesema nini?" akamwuliza binti yake.

"Amesema Beatrisi."

"Na kisha?"

"Bado."

Papa Anselmi akazima pleya. Akaifuta santuri kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi, akaikunja ndani ya kitenge, akaifungia kabatini.

"Mama Wakesho, rudisha vyote viwili," akasema. "Asante kwa kazi."

Nilivirudisha nyumbani kwangu, si Nairobi. Muuzaji aliponipigia nilimwambia mteja bado anafikiri. Vijana, mtarudishiwa vyombo mara nyingi, na mtatafuta kasoro mpaka macho yaume, kumbe chombo hakina neno. Papa Anselmi hakuwa na ugomvi na fono.

Kwa siku nyingi sikusikia lolote. Kisha Furaha akanipigia. Alisema baba yake hajapiga santuri hata moja tangu siku ile, wala hajalitaja jambo hilo, anakaa dukani kukagua vitambaa ambavyo havihitaji kukaguliwa, na wafanyakazi wamechoka naye. Kawempe hakwenda. Mwishowe Furaha alikwenda mwenyewe mpaka sokoni, akamwuliza Mama Beatrisi waziwazi.

"Hakushangaa, Anti. Alisema atakuja kumweleza baba yeye mwenyewe. Lakini si siku ile, kwa sababu alikuwa ananuka samaki." Kisha akaongeza, "Njoo na zile fono. Baba amesema uje nazo."

Nilipofika, Mama Beatrisi alikuwa ameshawasili. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, na siku ile alikuwa amevaa kitenge cha sherehe na viatu ambavyo bila shaka vilimbana. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini. Papa Anselmi alikaa kiti chake cha katikati, pale sauti za spika mbili zinapokutana. Furaha alikaa kwenye zulia. Nilitaka kungoja nje, Papa Anselmi akanizuia.

"Kaa. Wewe ulisikia wa kwanza."

Mama Beatrisi hakuzunguka. Alisema kipande kile kilikuwa cha Esperansi. Alikifanyia mazoezi yeye, na wote walijua ni chake. Lakini siku ya kurekodi Esperansi aliamka na kikohozi, koo limevimba, sauti ya juu imekatika. Kiongozi wa bendi alikuwa amekodi studio, hakuweza kungoja. Akamwambia Beatrisi aimbe kipande cha mwisho, na Esperansi ashuke aimbe sauti ya chini ya Beatrisi wimbo mzima. Wakabadilishana, wakarekodi, wakaenda nyumbani. Santuri zilipotoka kiwandani Beatrisi alikuwa amehamia Uvira kwa dada yake.

"Aliniambia ni yeye," Papa Anselmi akasema.

"Hapana, Anselmi. Wewe ndiye ulisema."

Papa Anselmi akainua kichwa.

"Alinieleza niliporudi," Mama Beatrisi akaendelea. "Ulikuwa unamchumbia. Ulikuja na ile santuri, umeinunua mwenyewe, ukaipiga mbele ya dada zake wote. Ilipofika mwisho ukasimama, ukasema, njo yeye, njo Esperansi wangu. Dada zake wakapiga makofi. Alitaka kukusahihisha akashindwa. Akasema atakuambia kesho. Kesho ukaleta mahari."

Furaha alicheka, kicheko kifupi, akakizuia kwa mkono.

"Na wewe?" Papa Anselmi akauliza. "Miaka hii yote unakuja nyumbani kwangu, unakula, unanisikia nikisema."

"Hakuniomba ninyamaze. Nilikuta mambo yamekwisha kuwa hivyo. Halafu akafa. Ningekuja kukuambia nini, kwenye matanga? Kwamba ile ni sauti yangu?"

Papa Anselmi akatazama mikono yake. Kisha akasema polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia, "Nilisema mimi. Ni kweli. Nilisimama nikasema mimi."

Hakuna aliyemsaidia. Nje mtu alikuwa anaita wauzaji wa ndizi za matooke, akaitikiwa, wakapatana, gari likaondoka.

"Basi yeye yuko wapi humu?" akauliza mwishowe.

"Chini," Mama Beatrisi akasema. "Toka mwanzo mpaka mwisho. Hukuwahi kusikiliza chini."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza upya, na hapa ndipo penye jibu la swali lenu.

Nilianza na ya valvu, kwa sababu nilidhani unene wake ungeisaidia sauti ya chini. Haikuisaidia. Sauti ile iliungana na gitaa la besi vikawa kitu kimoja kinene, huwezi kusema huyu ni mtu na hiki ni chombo. Mama Beatrisi akatikisa kichwa. Nikaweka ya transista. Sasa ilitengana na besi, lakini ilikuwa nyembamba, imekaa nyuma ya wasichana wa juu kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

"Ni yeye," Mama Beatrisi akasema, "lakini amekonda."

Nimewaambia fono ile ilikuwa na swichi nyuma. Swichi hizo hubadilisha mzigo ambao katriji inauona. Mzigo ukiwa mwepesi, katriji nyingi za koili hulia juu, herufi za s zinachoma, na masikio yako hukimbilia huko. Ukiuongeza mzigo, juu kunatulia na katikati kunasogea mbele. Vitabu vitawapa kipimo cha kuanzia, nanyi anzieni hapo. Lakini kipimo cha kuishia sikukipata kitabuni siku ile. Nilipiga magoti nyuma ya meza nikawa nageuza swichi, na Mama Beatrisi, ambaye zamani alisimama karibu na Esperansi akiimba, ananiambia.

"Hapana. Bado amekonda."

Nikageuza.

"Hapana, sasa amekuwa mwanamume."

Nikarudisha nusu.

Akainua kidole. "Hapo. Usiguse tena." Akamgeukia Papa Anselmi. "Sikiliza neno hili la mwisho wa mstari. Analimeza. Ni kile kikohozi, alikuwa anakibana. Na hapa tena. Unasikia?"

Papa Anselmi alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Hakusema kama anasikia. Lakini mstari ulipojirudia, alipumua mahali pale pale ambapo sauti ya chini ilipumua.

Furaha alikuwa bado chini kwenye zulia. "Ni hii?" akauliza, akaifuata kwa mdomo uliofungwa, noti moja nyuma, kisha sawa nayo. Ilikuwa katika kina chake kabisa. Yeye mwenyewe ana sauti nzito, ya chini, na baadaye aliniambia kwamba tangu shuleni walimwimbisha na wavulana na hakujua ameitoa wapi.

Kwa hiyo vijana, la tatu ni hili. Kabla ya kuchagua fono, mtafuteni mtu anayeijua sauti yenyewe ilivyokuwa. Akikosekana, mwulizeni mteja anamtafuta nani ndani ya santuri, na mhakikishe hamtafuti mahali asipokuwepo. Papa Anselmi aliinunua ile ya transista, na swichi ziko vile vile nilivyoziacha. Ile ya taa niliirudisha Nairobi, na Furaha aliitazama mpaka nikafunga boksi.

Lakini siku ile tulikuwa hatujamaliza wimbo. Tulikuwa tumesikiliza chini, tukisimamisha na kurudisha, mpaka Papa Anselmi akasema sasa tuuache uende mpaka mwisho. Ukaenda. Magitaa yakanyamaza, mwanamume akanong'ona, na sauti ya juu ikaingia peke yake. Nilimtazama Mama Beatrisi kwa sababu alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Ikanijia kwamba hakuwahi kuwa na pleya, na kwamba hapa alikuwa akija Krismasi, nyumba imejaa watu na fono inavuma.

Wimbo ulipoisha alibaki ameinamisha kichwa.

"Aliniambia bado," akasema. "Mimi nikaingia."

"Uliingia vizuri," Papa Anselmi akasema.

"Niliingia mapema. Nilidhani wataifuta, turudie." Akafikiri kidogo. "Sijawahi kujisikia nikiimba. Nilikuwa na sauti."

Papa Anselmi akanyoosha mkono kwenye pleya. "Nikurudishie hapo mwisho?"

"Rudisha," akasema Mama Beatrisi, akivua vile viatu na kuvisukuma chini ya kiti. "Lakini nipishe kwanza hapo katikati."

Papa Anselmi akainuka.